Ulimi na Mdomo

Ko. Kisha ko-ko.
Nikikanyaga breki, ko. Nikiachia, ko.
Kutoka Kwachocha hadi Langobaya
tela la maji lilikuwa likinigongea mgongoni
kama mgeni aliyekataa kuamini kwamba hatuko.

Lita elfu mbili, tangi jeusi,
na kiungo kinacheza.
Ndivyo mafundi wasemavyo: kinacheza.
Neno la watoto, la jioni, la mpira wa makaratasi,
lakini mchezo ule ulikuwa unakula chuma.
Kila asubuhi vumbi jekundu chini ya pini,
laini kama pilipili ya kusaga.

Ngumbao, utingo wangu, alishindilia kipande cha tairi.
Kikatafunwa kabla ya Ganda.
Akashindilia kabari ya mkoko. Ikatoka unga.
Akashindilia gunia.
Nikamwambia basi,
tusije tukaingiza nyumba nzima mle ndani.

Nikalipeleka kwa Mbodze Mwagandi,
mwenye karakana ya mabati pale Maweni,
achomeleaye mageti ya wenye hoteli
na mikokoteni ya wasio na geti.
Hakuuliza kitu. Alizima redio,
akashika ulimi wa chuma kwa mikono miwili,
akautikisa juu, chini, kushoto, kulia,
macho kayafumba, kama atafutaye jino bovu.

"Ulimi mwembamba," akasema, "mdomo mpana.
Hapo lazima pawe na maneno."

Akachomoa pini. Ilikuwa imeliwa kiunoni
mpaka ikawa na umbo la nyigu.
Tundu nalo, lililotobolewa duara,
limekuwa yai.
Miezi saba yai lile likizungumza nami,
nami nailaumu barabara.

Akapima pengo kwa sarafu:
shilingi moja upande huu,
upande ule mbili na ukucha.
Akakata mabapa ya chuma, akayapachika,
akaziba tundu kwa moto, akalitoboa upya;
pini mpya akaikata kwenye ekseli ya lori lililokufa.
Mwisho akafunga bolti iliyopinda,
ikavikumbatia ulimi na mdomo pamoja,
akakaza nati, robo,
robo,
na nusu ya robo. Akasita.

Ngumbao alitaka aongeze.
"Wacha. Ukikaza mpaka bolti ilie,
itakatika Kakuyuni,
na mie siko Kakuyuni."

Tuliondoka kimya.
Kimya chenyewe kikanitia hofu.
Kabla ya Ganda nilisimama mara mbili,
nikashuka, nikaenda nyuma kutazama
kama tela bado lipo.
Lipo. Limetulia,
kana kwamba mimi na lenyewe hatujawahi kukosana.

Sikujua kwamba mtu huzoea kugongwa.
Sikujua kwamba mgongo nao una masikio,
na kwamba ile kelele niliyoilaani
ndiyo iliyokuwa ikinambia, njia nzima,
niko nawe, niko nawe.

Langobaya hapakuwa na mtu.
Hakuna foleni, hakuna ndoo,
kuku watatu tu na mtungi uliopasuka.
Siku zote Sidi Tsofwa hunisikia tangu mtoni,
hupaza sauti, "Ko-ko kaja!"
na madumu hutoka majumbani yakigongana.
Leo maji yamefika bila jina.
Na honi yangu ilikufa mwaka juzi.

Ngumbao akapanda tangini, akatumbukiza fimbo ya kupimia,
akaitoa, akaigeuza, akaitumbukiza tena.
Maji yalikuwa yamelowesha alama ya juu kabisa,
ile tuliyoichonga siku ya kwanza
na tusiione tena ikiwa mbichi.
Madumu mawili zaidi, yaliyokuwa yakimwagika
kila safari, ko kwa ko, mchangani.

Nikachukua spana namba kumi na tisa,
nikaenda nyuma, nikainama
penye kiungo kilichotengenezwa,
nikagonga.

Ko.
Kisha ko-ko.

Mlango mmoja ukafunguka.